Pikipiki ya Umma Nyumbani kwa Bibi

Mwaka ule nilikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna msichana mwingine wa Kaagya aliyekuwa navyo: suruali ya kaki na pikipiki. Suruali nilishonewa mjini Bukoba na fundi aliyeniuliza mara tatu kama ni ya kaka yangu. Pikipiki ilikuwa ya serikali, lakini kwa jinsi nilivyoizungumzia ungedhani nimeizaa.

Nilikuwa bibi maendeleo. Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio, wakati kila mtu alikuwa ndugu na kila kitu kilikuwa cha umma. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini, kutoka Bukoba mpaka Muleba na kurudi, nikiwafundisha akina mama lishe ya watoto, usafi wa maji na kusoma. Niliweza kukaa barabarani wiki nzima, mfuko wa nguo nyuma, kidumu cha mafuta ubavuni. Watoto walinikimbilia wakipiga kelele, "Mwanamke! Ni mwanamke!" kana kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Niliwajibu kwa honi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimelewa furaha bila kugusa rubisi.

Tatizo lilikuwa masika. Kwetu mvua ikianza haina adabu, na barabara zinateleza kama ganda la ndizi. Kwa hiyo kila mwaka amri ilitoka kwamba pikipiki zote za ofisi zilazwe kwa miezi miwili. Kila mmoja ailaze ya kwake mahali pakavu na kuitunza mwenyewe. Mvua ikikatika, tungekwenda nazo msafara mpaka Muleba. Itakayofika ingebaki kwa mtu wake. Itakayokwama njiani ingepewa mwingine.

Huyo mwingine tulimjua wote. Alikuwa bwana shamba mmoja kijana, mrefu, mcheshi kupita kiasi, ambaye bado alikuwa anapanda milima kwa baiskeli. Pikipiki tulikuwa nazo saba, yeye alikuwa wa nane, na alikuwa ameshachagua atakayoirithi. Kila tulipokutana alisalimia pikipiki yangu kwanza.

"Mchumba, hujambo?" aliiambia, akiipapasa kiti. Kisha kwangu: "Dada, unamtunza? Usimchoshe. Nitamchukua baada ya mvua."

Wenzangu wa ofisini, wanaume wote, walicheka mpaka wakashikilia kuta. Nami nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Nilimwambia kwamba baada ya mvua atachukua mafua tu. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri. Bila pikipiki ningerudishwa mezani, kupiga chapa barua za watu wengine, na suruali yangu ya kaki ingeliwa na mende. Wala sikuwa na shaka kwamba wangesema, mnaona, mwanamke na mashine wapi na wapi.

Chumba nilichopanga Kibeta, mjini Bukoba, kilivuja. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, Kaagya, katikati ya kibanja chake cha migomba na mibuni. Bibi alikuwa na nyumba ya bati, chumba cha mbele kisicho na kazi, na maoni juu ya kila jambo.

Fundi mkuu wa karakana alikuwa ametupa karatasi ya maelekezo. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache, ambaye alipima oili kwa uso uleule wa kukusanya sadaka. Nilimsomea Bibi karatasi ile siku nilipofika. Nilimsomea mara moja tu. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo alishika kila neno. (Tulikuwa tunazungumza Kihaya, nami hapa nakiweka kwa Kiswahili.)

Tulifanya kazi ile siku nzima, tukiwa na tope mpaka viwikoni. Tuliosha matope yote, hata yale yaliyojificha chini ya madigadi. Nikamwaga oili ya zamani na kutia mpya, maana fundi alisema oili chafu ikikaa inakula injini kimya kimya. Nikafungua plagi, nikatia kijiko kimoja cha oili ndani, nikapiga kiki polepole ili ienee. Bibi alitaka kujua kwa nini inanyweshwa dawa ilhali haiumwi. Nikamwambia ni kinga. Alielewa upesi kuliko akina mama wengi niliowahi kuwahubiria chanjo.

Mnyororo tuliupaka grisi. Bomba la moshi tuliliziba kwa kitambaa chenye mafuta, panya wasije wakajenga. Tukaisimamisha juu ya magogo ili tairi zisiguse sakafu. Betri niliifungua, na Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kuilaza juu ya mkeka chini ya kitanda chake.

"Umemwachisha mtoto ziwa mapema," alisema. "Atalala na mimi."

Mwisho tukafika kwenye tangi. Petroli ya miaka ile ilikuwa ya kuvizia, na iliyokaa muda mrefu huchacha, kwa hiyo karatasi ilisema imwagwe yote, tangi lipanguswe kwa oili kidogo, likae tupu.

"Tupu kabisa?" Bibi aliuliza.

"Kabisa."

"Miezi miwili, chombo kitupu, ndani ya nyumba yangu?"

"Ndivyo fundi alivyoandika, Bibi."

Akatikisa kichwa, akaguna, akaenda kupika. Mimi nilidhani mjadala umekwisha. Kwa kweli nilikuwa simjui bibi yangu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kuchukua betri niipeleke mjini ikachajiwe. Nilichokikuta nusura kiniue. Kwenye usukani, upande wa kulia, palikuwa pamening'inizwa jembe. Upande wa kushoto mundu. Juu ya kiti, kuku mwekundu ametulia, macho nusu yamefumbwa, akitaga.

"Bibi! Hii ni mali ya umma!"

"Mali ya umma," alinijibu, hata bila kugeuka kutoka kwenye ndizi alizokuwa anamenya. "Kwani mimi si umma?"

Nimehudhuria mikutano mingi ya siasa tangu siku ile, na sijasikia swali gumu zaidi. Nikasema basi angalau kuku atolewe. Bibi akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mgeni huyu wa magurudumu alikuwa na wiki nzima. Nikaanza kucheka kwa hasira, kisha nikacheka kwa kweli, mpaka kuku akaondoka kwa kuona tumekosa heshima. Tulikubaliana: jembe na mundu vitoke, kuku apewe kikapu chake, na mimi nisipige kelele tena katika nyumba ya watu.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikuta jambo jipya. Bibi alitandaza nyasi kavu chini ya magurudumu, kama tunavyotandaza sakafuni, na kila wiki alizitoa zilizonyonya unyevu akaweka nyingine. Kila asubuhi baada ya sala alizungusha magurudumu kidogo kwa mkono, moja baada ya jingine, kwa sababu karatasi ilisema yasikae upande mmoja. Majirani walianza kuja kuitazama. Walikaa, wakaletewa kahawa ya kutafuna, wakauliza habari za pikipiki kama wanavyouliza habari za mzazi aliyejifungua. "Amelalaje?" "Amelala vizuri, waitu," Bibi aliwajibu kwa heshima. Nilijikuta na mimi naingia mlangoni nikiuliza hivyohivyo.

Katikati ya masika, mvua ikiwa imepiga siku nne mfululizo, nilikuta turubai langu la nailoni limekunjwa pembeni na pikipiki imefunikwa shuka la rangi ya udongo. Nililigusa. Lilikuwa lubugo, lile vazi la gome la mti walilovaa wazee. Lubugo lile nililijua. Lilikuwa limekaa sandukuni tangu nikiwa mdogo, na tulikatazwa kulichezea, kwa sababu Bibi alikuwa ameliweka azikwe nalo.

"Bibi, hili ni la siku yako!"

"Siku yangu haijafika," alisema. "Mvua imefika. Hilo la nailoni lilikuwa linamtoa jasho. Asubuhi nikipitisha mkono, chuma kimelowa. Lubugo linapumua."

Nilimshika mkono, akaniondoa kwa sababu alikuwa na kazi. Nilirudi Kibeta kwa basi, betri mapajani, na nilijisikia mwepesi na mwenye wasiwasi kwa pamoja. Sasa haikuwa suruali yangu tu. Kama pikipiki ile ingekwama barabarani, ningekuja kumwambia nini mtu aliyeivulia vazi la kaburi lake?

Mvua ikakatika. Nilifika Kaagya siku moja kabla ya msafara na petroli niliyoipata kwa kubembeleza. Nikafunga betri, nikazibua bomba, nikaishusha kwenye magogo, nikajaza upepo tairi. Nikafungua mfuniko wa tangi na kumimina, haraka haraka, bila kuchungulia ndani. Asubuhi nilipiga kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba, na mimi na Bibi tukacheza pale uani, yeye na kitenge chake, mimi na suruali yangu, kama watu waliopata habari ya ajabu. Niliondoka nikipiga honi kwenye kila kona, hata penye migomba mitupu.

Tulianza msafara kutoka karakana, pikipiki saba, fundi mkuu kwenye gari la wazi nyuma yetu, na bwana shamba amekaa naye akinipungia mkono. Tulipita Kagondo watu wakisimama kutazama. Mimi nilikuwa mbele. Nani angenizuia? Ziwa lilionekana likapotea, mibuni ilikuwa imeoshwa ikang'aa, barabara ilikuwa imekauka juu na laini chini, na nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya uwanja wa mpira. Nyuma yangu mmoja alibaki, tairi zimepasuka kwa kusimama miezi miwili mahali pamoja. Wa pili alibaki akitoa panya kwenye bomba. Nilisikitika nao kwa sekunde mbili hivi.

Kisha tukaanza mlima wa mwisho kabla ya Muleba. Nilikuwa nusu ya mlima pikipiki ilipokohoa. Nikaivuta moto. Ikakohoa tena, ikapiga chafya, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja, wakafika kileleni, wakasimama kutazama, na gari la fundi likaja likasimama pembeni yangu.

"Mchumba wangu amechoka," alisema bwana shamba, akiruka chini. Lakini aliponiona uso, alinishikia usukani.

Fundi mkuu alishuka na spana yake. Alifungua bomba la mafuta kwenye kabureta. Halikutoa hata tone. Akatikisa tangi, nalo likalia kwa ndani, kokoko, kokoko. Akalifungua lote, akamimina petroli ndani ya ndoo kupitia kitambaa, na kwenye kitambaa zikabaki kokwa za kahawa. Zilikuwa nyingi, nyeusi, zimechemshwa na kukaushwa vizuri, pamoja na vipande vya majani. Barabara ilipokuwa tambarare na vilima vifupi zilikuwa zimejilalia. Tulipoanza mlima huu mrefu, zikateremka zote nyuma na kukaa kwenye mdomo wa koki.

"Akamwani," alisema fundi.

Hakuna Mhaya asiyejua akamwani. Ndiyo kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni, na ndiyo inayotiwa kwenye chombo cha mtu ili kisirudi kwake kitupu. Palepale nikaelewa yote. Nilikuwa nimeleta chombo kitupu nyumbani kwa Bibi, kikakaa miezi miwili, nikaja kukichukua. Kwa mila yake asingeweza kunirudishia hivyohivyo hata kama serikali nzima ingeandika.

Wenzangu, walioteremka kwa miguu kutazama, walicheka mpaka mmoja akakaa chini barabarani. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao ningelala kabisa. Lakini mimi, nasema ukweli, kwanza nilimkasirikia Bibi. Nilimkasirikia kwa nguvu zangu zote, kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikamwona asubuhi ile akicheza na kitenge chake, na hasira ikanigeukia mwenyewe.

"Ndugu," fundi aliniambia, "amri inasema chombo kitunzwe na mtumishi mwenyewe. Nani ameweka hii?"

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama. Akachukua kokwa moja, akaipeleka puani. Akachukua kipande cha jani.

"Jani hili linaitwaje?"

Sikujua. Nilikuwa nimetafuna akamwani maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza inachemshwa na nini.

"Unaichemsha muda gani?"

Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope.

"Ni Bibi yangu," nikasema. "Lakini msimwandikie barua. Yeye alifuata karatasi yako neno kwa neno. Ni hilo moja tu ndilo limemshinda."

Fundi alipiga magoti barabarani na suruali yake safi, akaanza kuikagua pikipiki yangu kuanzia mbele. Alipitisha kidole kwenye kila njiti ya gurudumu, akakitazama. Akapapasa chini ya madigadi. Akavuta mnyororo. Akafungua plagi, akaielekeza kwenye jua. Akapanda kwa miguu mpaka kwenye pikipiki za wale waliofika kileleni, akafanya vilevile, na kila alipopitisha kidole kilirudi chekundu kwa kutu. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kusogea sogea.

Akarudi kwangu. "Ilifunikwa na nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na lubugo lilikuwa la nini.

Fundi alikuwa na umri wa Bibi, au karibu. Kisha akasafisha koki, akarudisha petroli tangini kupitia kitambaa kilekile, akaniashiria. Kiki moja. Ikawaka. Nilipanda mlima ule nikipiga kelele kama mwehu, na bwana shamba, nitamsifu kwa hilo, alikuwa anapiga kelele kuliko mimi.

Uwanjani Muleba fundi alitoa fomu zake. Pikipiki yenye panya akapewa bwana shamba, pamoja na panya wake. Zamu yangu ilipofika, nilinyoosha mkono wangu mapema.

"Yako haikufika," alisema fundi. "Ilikwama mlimani, wote tumeona. Kwa hiyo inapewa mwingine."

Fundi akaandika polepole, kwa herufi za mtu anayeandika cheti cha ubatizo, kisha akaniuliza jina kamili la bibi yangu. Nikalitaja, la ubatizo na la ukoo. Akaliandika mahali pa mtunzaji. Chini yake, mahali pa dereva, akaandika langu. Akasema kila Jumamosi pikipiki irudi Kaagya kwa mwenye dhamana, ikaguliwe, na kwamba karatasi yake ya maelekezo ataiongeza mstari mmoja juu ya tangi. Wanaume wote walipiga makofi. Sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa, nikapiga makofi na mimi.

Bibi alipokea habari ile kwa utulivu wa kutisha. Alitaka nimsomee fomu. Nikamsomea. Alitaka nirudie mahali pa mtunzaji. Nikarudia. Akanitolea ndizi na samaki, akanitazama nikila, akaniuliza habari za Muleba na mvua, akaenda kulala.

Jumatatu asubuhi nilivaa suruali yangu, nikafunga mfuko, nikaishika pikipiki usukani kuitoa nje. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha mbele yake, hakuna pa kupita.

"Unaipeleka wapi?" aliuliza.

"Kazini, Bibi. Naenda vijijini."

"Umeomba ruhusa?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo. Basi mimi, mtumishi wa serikali, mwanamke wa kwanza kupanda pikipiki Kaagya, nikaishusha tena kwenye stendi, nikapiga magoti kama tulivyofundishwa, nikamwomba.

"Weka mfuko chini, mwana wange," alisema. "Kunywa uji kwanza. Nitafikiri."